LESENI YA UVUVI WA BAHARI KUU: NANI ANATAKIWA KUWA NAYO, NA HUOMBWAJE

Wapo wavuvi wa Unguja na Pemba wanaoamini kwamba leseni ya bahari kuu ni jambo la meli za kigeni peke yake, na kwamba mwenyeji aliye na chombo chake ana ruhusa ya kumfuata samaki popote aendapo. Zama za ngalawa na mashua za tanga zilizotoka alfajiri na kurejea siku hiyo hiyo, imani hiyo haikuwa na madhara makubwa. Leo vipo vyombo vya mashine vinavyobeba barafu na kulala baharini siku kadhaa, na nahodha anaweza kuuvuka mpaka wa kisheria bila ya kujitambua. Maelezo haya yanakusudiwa kumwondolea mvuvi shaka hiyo, na kumwezesha mtumishi wa Serikali kumjibu kwa usahihi anapoulizwa.

Mpaka uko wapi

Kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 1989 inayohusu mipaka ya bahari ya Tanzania, eneo la bahari ya taifa huishia maili 12 za baharini, yaani kilomita 22 hivi, kutoka mstari wa pwani unaotumika kupimia. Kutoka hapo hadi maili 200, ambazo ni takriban kilomita 370, ndio Ukanda wa Kiuchumi wa Bahari. Humo nchi ina haki ya kuvuna na wajibu wa kuhifadhi, kama unavyoeleza Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982.

Izingatiwe kwamba kinachoamua ni umbali. Kina cha maji hakihusiki. Mashariki ya Pemba bahari huingia kina kirefu karibu na pwani, na aghalabu wavuvi huyaita maji hayo bahari kuu. Kwa lugha ya sheria, maji hayo yangali ndani ya bahari ya taifa maadamu hayajapita maili 12. Mvuvi anayetumia kifaa cha kuonesha mahali kwa satalaiti ajifunze kusoma umbali wake; asiye nacho amuulize Afisa Uvuvi wa Wilaya kabla ya safari.

Nani hutoa leseni

Ndani ya maili 12 za Zanzibar, leseni hutolewa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar chini ya Sheria ya Uvuvi Namba 7 ya mwaka 2010. Nje ya hapo, uvuvi husimamiwa kwa pamoja na pande mbili za Muungano kupitia Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, ambayo makao yake makuu yapo Fumba, Unguja. Mamlaka hiyo ilianzishwa kwa Sheria ya mwaka 1998, iliyorekebishwa mwaka 2007, na sasa inafanya kazi chini ya Sheria ya mwaka 2020.

Kwa hiyo leseni ya Wilaya haimruhusu mvuvi kuvua nje ya maili 12. Vilevile barua ya Sheha, au ya Kamati ya Wavuvi, humtambulisha mwombaji tu; haiwi leseni, na mtumishi asiiandike kwa namna ya kumfanya mvuvi adhani kwamba amekwisha kuruhusiwa.

Namna ya kuomba

Mwombaji anashauriwa kufuata utaratibu ufuatao:

(a) Kuhakikisha kwamba chombo kimesajiliwa na kimekaguliwa usalama wake. Kwa Zanzibar, mambo ya usalama wa vyombo yapo chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini.

(b) Kufika katika ofisi ya Fumba, au kupata maelekezo kwa Afisa Uvuvi wa Wilaya, ili kupewa fomu na kuelezwa ada inayolingana na aina ya chombo na uvuvi wake.

(c) Kujaza kwa ukweli jina la mmiliki, urefu wa chombo, zana zitakazotumika, aina ya samaki wanaokusudiwa na bandari ya kushushia.

(d) Kulipa ada kwa njia rasmi ya Serikali na kuhifadhi stakabadhi. Fedha zisikabidhiwe mtu mkononi.

(e) Kutong'oa nanga mpaka leseni yenyewe ipatikane. Stakabadhi ya malipo si leseni.

Kwa nini hesabu inatakiwa

Jodari hana kwao. Anayepita mbele ya Pemba leo huenda kesho akawa katika maji ya nchi nyengine. Kwa sababu hiyo Tanzania ilijiunga mwaka 2007 na Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli, na inawajibika kupeleka huko takwimu za samaki wanaovuliwa. Samaki asiyeandikwa huhesabiwa kuwa hakuvuliwa, na nchi isiyo na kumbukumbu za uvuvi wake hukosa hoja wakati mgao unapojadiliwa. Mvuvi mdogo anayeandikisha samaki wake huitetea sehemu ya watoto wake katika bahari hiyo.

Utaratibu huwafunga pia watumishi. Mwezi wa Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa katika ukanda huo ikiwa na samaki karibu tani 300. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 2014 ilitengua hukumu kwa kasoro katika taratibu za mashtaka. Karatasi moja iliyokosekana yaweza kupoteza kazi ya miaka.

Chombo kinachovua nje ya maili 12 bila ya leseni kinamtia mwenyewe katika hatari ya kushitakiwa, na mahakama yaweza kuamuru zana na samaki kutaifishwa. Kwa familia ambayo chombo ndiyo mali yake yote, hasara hiyo haina fidia. Wahenga walisema: asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Wavuvi wanaombwa waulize mapema, na maafisa wa Wilaya na Masheha wanakumbushwa kuwapokea kwa upole na kuwaelekeza mahali panapohusika.