Uchafu usioonekana ndani ya nondo

UVIRA, Kivu Kusini – Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, uliua makumi ya watu na kubomoa nyumba na madaraja mjini Uvira. Kujenga upya kunahitaji nondo, na Uvira haina kiwanda cha chuma cha pua. Nondo hutoka mbali, kama mizigo mingi inayopitia bandari ya Kalundu au mpaka wa Kavimvira.

Kutu, mnunuzi huiona. Lakini upo uchafu asioweza kuuona kwa macho, nao huzaliwa kiwandani, wakati chuma kinaposafishwa.

Chuma kilichoyeyuka, kwenye joto la nyuzi 1,600 hivi, hunywa oksijeni. Kikiganda nayo, gesi hukiachia matundu. Ili kuiondoa, mafundi hutia manganizi, silikoni au alumini. Dawa hiyo huikamata oksijeni, lakini papo hapo huzaa chembe, nyingi zikiwa nyembamba kuliko unywele.

Chembe zinazotokana na alumini huyeyuka kwa zaidi ya nyuzi 2,000. Kwa hiyo hubaki ngumu ndani ya chuma cha majimaji, hushikamana na huweza kuziba tundu la kumiminia. Viwanda vingine huongeza kalisi, ambayo huzigeuza kuwa matone ya mviringo. Mapovu ya gesi ya agoni huzisaidia kupanda juu, zikamezwa na mavi ya chuma yanayoelea.

Zisizopanda hubaki. Salfa nayo huungana na manganizi na kufanya chembe laini, ambazo mitambo ya kunyoosha nondo huzivuta kama nyuzi. Ufa hupenda kuanzia penye chembe kubwa, hasa chuma kinapotikiswa mara kwa mara, kama darajani.

Hakuna chuma kisicho na chembe kabisa. Muhimu ni wingi, ukubwa na umbo lake, na kwa sehemu kubwa hayo huamuliwa kabla chuma hakijaganda. Nyundo ya fundi haiwezi kuyarekebisha.

Mnunuzi amebakiwa na maswali. Je, nondo ina alama ya kiwanda? Ina cheti cha majaribio ya kuvutwa na kupindwa? Ofisi ya udhibiti ya serikali, OCC, ndiyo yenye jukumu la kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Katika mji uliobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, majibu hayo yatafutwe kabla zege halijamwagwa.