Ujumbe wa Salio na Udhibiti wa Madeni ya Wanachama

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kila katibu wa chama cha akiba na mikopo anaijua maana ya msemo huu anapofungua leja mwisho wa mwezi. Lakini siku hizi sehemu kubwa ya fedha za mwanachama haipiti mkononi mwake wala mezani kwa mhazini, bali hupita katika simu. Daftari la fedha hizo ni ule ujumbe mfupi unaofika baada ya kila malipo, nao wengi huufuta bila kuusoma. Makala hii inaeleza jinsi ujumbe huo unavyoweza kumkinga mwanachama na deni, na kukikinga chama na marejesho yanayochelewa.

KADI NA SIMU

Katika nchi za Ulaya na Marekani watu wengi hununua vitu kwa kadi ya mkopo. Benki humwekea mwenye kadi kikomo, naye hutumia fedha za benki hadi hapo, kisha hulipa baadaye, pamoja na riba asipomaliza deni kwa wakati. Kwa kuwa kadi haionyeshi noti zinazopungua mfukoni, benki nyingi humruhusu mteja kuchagua kiwango cha tahadhari. Matumizi yakifika kiwango hicho, ujumbe humfikia.

Huku Temeke na Kinondoni wenye kadi za namna hiyo ni wachache, kwani kadi waliyo nayo wengi ni ya kutolea fedha zao wenyewe. Hata hivyo, mkopo unaofanana na huo umekwisha kuingia kwa njia ya simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, ikiwa njia ya kutuma na kupokea fedha. Mikopo ikafuata: M-Shwari huko Kenya mwaka 2012, M-Pawa hapa nchini mwaka 2014, na Fuliza huko Kenya mwaka 2019. Huduma ya hapa nchini inayofanana na Fuliza ni Songesha. Katika huduma hizi, mtu ambaye salio lake halitoshi huongezewa kiasi kilichopungua ili malipo yapite. Fedha itakayoingia baadaye katika simu yake hukatwa kwanza kulipa deni hilo.

Nyongeza hiyo ina gharama. Mwanzoni, deni la Fuliza la kati ya shilingi 501 na 1,000 za Kenya lilitozwa shilingi 10 kwa kila siku. Kwa hiyo mtu aliyedaiwa shilingi 1,000 kwa siku 10 alilipa shilingi 100 zaidi, mbali na ada ya kuanzia. Mwaka 2022 tozo hiyo ilipunguzwa hadi shilingi 6, na siku 3 za kwanza zikasamehewa. Mwanachama wa hapa nchini hana budi kusoma masharti ya huduma anayotaka kujiunga nayo kabla ya kukubali.

JINSI DENI LINAVYOJIFICHA

Uchukuliwe mfano wa mama anayeuza samaki wa kukaanga Tandika. Ana mkopo wa chama, na kila mwisho wa mwezi anapaswa kurejesha shilingi 55,000. Alfajiri moja yupo Feri, na katika simu ana shilingi 38,000. Samaki anaowataka ni wa shilingi 60,000. Analipa, malipo yanapita, naye anarudi nyumbani akiamini kwamba fedha zilitosha. Ukweli ni kwamba shilingi 22,000 amekopa.

Kesho yake mteja anamlipa shilingi 15,000 kwa simu, nazo zinakatwa zote. Jioni zinaingia shilingi 12,000. Shilingi 7,000 zinamalizia deni, gharama nazo zinakatwa, na kilichobaki hakifiki shilingi 5,000. Kwa kuwa mtaji umepungua, siku ya tatu anaongezewa tena. Mambo yakiendelea hivyo, mwisho wa mwezi rejesho la chama halipo. Katibu anaona jina lake katika orodha ya waliochelewa, na wadhamini wake wawili wanaitwa. Hao hawakwenda Feri wala hawakula samaki, lakini akiba zao ndizo zilizowekwa rehani.

Kosa la mama huyu si uvivu wala ulaghai. Alichanganya fedha alizo nazo na fedha anazoruhusiwa kukopa. Kukopa harusi, kulipa matanga.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, kila ujumbe usomwe wote: kiasi kilichotoka, ada, salio lililobaki, na deni kama lipo. Kikomo cha mkopo kisihesabiwe kamwe kuwa ni sehemu ya salio.

Pili, mwanachama ajiwekee kiwango cha tahadhari kinachozidi rejesho lake. Mwenye rejesho la shilingi 55,000 aweza kuchagua shilingi 60,000. Juma la mwisho la mwezi, ujumbe ukionyesha salio chini ya hapo, manunuzi yasiyo ya lazima yasimame.

Tatu, kila jioni salio la mwisho liandikwe katika daftari pamoja na tarehe. Mstari mmoja unatosha.

Nne, ujumbe wa fedha iliyopokelewa usiaminiwe peke yake, kwa maana matapeli hutuma ujumbe wa kughushi. Mwenye M-Pesa apige *150*00# na kuangalia salio mwenyewe kabla ya kutoa bidhaa. Namba ya siri asipewe mtu yeyote, hata anayejiita mfanyakazi wa kampuni ya simu.

WAJIBU WA KATIBU

Katibu naye ana sehemu yake. Yafaa amkumbushe mwanachama siku 7 kabla ya tarehe ya rejesho, akimtajia kiasi anachodaiwa na salio la akiba yake. Rejesho likilipwa kwa simu, chama kitoe stakabadhi yake na kuingiza malipo katika leja, kwani ujumbe wa kampuni ya simu hauchukui nafasi ya stakabadhi. Deni la mwanachama lizungumzwe naye faragha kwanza, kabla ya kufikishwa kwa wadhamini.

Pia kamati ya mikopo imwulize kila mwombaji kama ana deni katika simu. Mkopo wa chama hutolewa kwa akiba ya wote na kwa udhamini wa jirani. Mwanachama anayesoma salio lake kila jioni anailinda akiba yake, na anailinda pia akiba ya mwenzake aliyekubali kumdhamini.