Vitenzi vya Maneno Mawili katika Kiingereza cha Kila Siku

Mwanafunzi aliyesoma Kiingereza shuleni hadi akaweza kuandika insha na barua rasmi bila taabu, mara nyingi huanza kupotea anapowasikiliza Waingereza au Wamarekani wakizungumzia mambo ya nyumbani, ingawa maneno wanayoyatumia ni mafupi na yote anayafahamu mojamoja. Chanzo kikubwa cha kupotea huko ni vitenzi vya maneno mawili, yaani kitenzi kifupi kama *give*, *take* au *put* kinachofuatwa na kijineno kama *up*, *off* au *out*, ambavyo vikishaungana huzaa maana isiyopatikana kwa kujumlisha maana za sehemu zake: *give* ni kutoa na *up* ni juu, lakini *give up* ni kukata tamaa au kuacha. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake iliyochapishwa London mwaka 1755, alikwishaona kuwa miungano hii ndiyo inayowatatiza wageni zaidi.

Ugumu huo una historia. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilitawala ikulu na mahakama, huku Kilatini kikiendelea kuwa lugha ya kanisa na elimu, na baada ya karne kadhaa Kiingereza kikabaki na matabaka mawili ya msamiati yanayoishi pamoja, moja rasmi na moja la kila siku. Kuahirisha ni *postpone* katika tangazo la ofisi lakini ni *put off* mezani. Kuzima moto ni *extinguish* katika ripoti na *put out* jikoni. Shule za Afrika Mashariki, kwa kuwa hufundisha Kiingereza kwa vitabu zaidi kuliko kwa mazungumzo, humzoesha mwanafunzi tabaka hilo rasmi, naye huzungumza kwa usahihi lakini kwa ukavu unaowashangaza wenyeji. Mwaka 1985 Menno Dagut na Batia Laufer walionyesha kwamba wanafunzi wasemao Kiebrania, lugha isiyo na muundo huu, huvikwepa vitenzi vya maneno mawili na kuchagua vya neno moja. Msemaji wa Kiswahili naye amezoea kubadili maana ndani ya kitenzi chenyewe, kama funga na fungua, au hama na hamia. Hata hivyo, si mgeni kabisa wa miungano yenye maana isiyotokana na sehemu zake, kwani anapopiga simu, pasi au chafya hafikirii kipigo chochote.

Kosa linalowachelewesha wengi ni kupanga orodha kwa kufuata kitenzi, ilhali mzigo wa maana mara nyingi hubebwa na kijineno. *Up* huonyesha tendo lililofikishwa mwisho, kama katika *eat up*, kula chote, na *use up*, kutumia hadi kwisha. *On* huonyesha mwendelezo, kama katika *carry on* na *keep on*. *Off* huonyesha kuachana au kukatizwa, na ndiyo maana mkutano uliofutwa huwa umekuwa *called off*. Mantiki hii haifiki kila mahali: *make up* ni kupatana baada ya ugomvi, ni kubuni uongo, na ni kujipodoa, hivyo kila maana yafaa ihifadhiwe ndani ya sentensi kamili. Nahau hudai uangalifu huohuo, na misimu ya vijana zaidi, kwa sababu hupitwa na wakati upesi.

Mpangilio wa maneno nao una kanuni yake. Mtu aweza kusema *turn off the light* au *turn the light off*, lakini kiwakilishi hukaa katikati tu, *turn it off*. Kinyume chake, *look after*, kutunza, haigawanyiki, hivyo husemwa *look after her*. Sikio husaidia hapa, maana katika vitenzi vinavyogawanyika kama *turn off* mkazo huangukia kijineno kinapobaki mwishoni. Katika Kiingereza cha Afrika Mashariki kijineno pengine hudondoshwa, kama mtu asemapo *pick me* akikusudia *pick me up*, na pengine huongezwa, kama katika *cope up with* badala ya *cope with*. Matumizi haya hueleweka vizuri Nairobi na Kampala, lakini *pick me* humaanisha "nichague" kwa msikilizaji wa London.