Mtoto aliyeathiriwa na pombe akiwa tumboni: nesi anaweza kusaidia nini?

Kuna mtoto anayefundishwa kuhesabu leo akaelewa, kesho asubuhi hakumbuki. Akitumwa vitu vitatu, anafanya kimoja tu. Nyumbani anaitwa mtukutu, shuleni anaitwa mzito, na wapo wanaosema amerogwa. Sababu za hali kama hiyo ni nyingi. Moja haizungumzwi sana, nayo ni pombe aliyokunywa mama wakati wa ujauzito.

Pombe inamfikiaje mtoto?

Mama mjamzito akinywa, pombe huingia kwenye damu, hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Ini la mtoto bado ni changa, haliwezi kuiondoa. Kinachoumia zaidi ni ubongo, ambao hujengeka miezi yote tisa. Iwe bia, mbege, ulanzi au gongo, hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mjamzito.

Madaktari wa Ufaransa waliandika kuhusu watoto hawa mwaka 1968, na wenzao wa Marekani wakaipa hali hii jina mwaka 1973. Baadhi ya watoto huzaliwa na uzito mdogo, kichwa kidogo, macho madogo na mdomo wa juu mwembamba, na kamfereji kati ya pua na mdomo hakaonekani vizuri. Lakini wengi hawana alama yoyote usoni. Kwa hiyo usimhukumu mtoto wala mama yake kwa kutazama sura. Anayethibitisha ni daktari.

Nesi anaanza kwa kuuliza vizuri

Mama akiulizwa mbele ya foleni, "Wewe unakunywa pombe?", atasema hapana, na mtoto atakosa msaada. Akiitwa pembeni na kuulizwa, "Mama, kabla hujajua una ujauzito, ulikuwa unatumia kinywaji chochote, hata cha kienyeji?", ni rahisi zaidi kusema ukweli. Wapo waliokunywa kabla hawajajua kuwa wana mimba. Jibu lake ni siri ya matibabu, si habari ya kijiji.

Mtoto mchanga mwenye hali hii anaweza kunyonya kwa shida na kulia sana. Nesi humwonyesha mama namna ya kumweka titini, kumnyonyesha mahali patulivu, kidogo kidogo na mara kwa mara. Kila kliniki hupima uzito na urefu, na kwa mtoto huyu hupima pia mzunguko wa kichwa. Huangalia kama anasikia, anaona, anakaa, anatembea na kusema kwa wakati. Akichelewa, apewe rufaa ya hospitali. Maneno ya "atakua tu" yanampotezea muda.

Anachowafundisha wazazi na walimu

- Mpe mtoto agizo moja kwa wakati mmoja, kwa maneno machache. Akimaliza, mpe lingine.
- Kula, kuoga na kulala kuwe na saa zilezile kila siku.
- Akisahau, mwonyeshe tena kwa vitendo. Fimbo haimrudishii kumbukumbu.
- Darasani akae mbele, mbali na kelele.
- Akifanya vizuri, msifie hapohapo.
- Asiachwe peke yake karibu na moto, kisima au barabara, kwa sababu huchelewa kutambua hatari.

Hakuna dawa ya kuondoa madhara haya. Lakini mtoto anayesaidiwa mapema ana nafasi nzuri zaidi ya kusoma, kujitegemea na kuepuka matatizo akiwa kijana.

Na mama je?

Kumsaidia mtoto ni pamoja na kumsaidia mama kuacha pombe, hasa akitarajia mimba nyingine. Baba ana kazi hapo: asimnunulie, na ikiwezekana waache wote wawili. Tahadhari moja: anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake, kwa sababu anaweza kupata degedege. Aende kituo cha afya kwanza.

Msikilizaji, kama una mtoto mwenye dalili hizi na ulitumia pombe ukiwa mjamzito, mweleze nesi kwenye kliniki ijayo, na umwombe mzungumze faragha. Hutaweza kubadilisha yaliyopita, lakini utakuwa umemfungulia mtoto wako mlango wa msaada.