Picha ya Simu Mbele ya Hakimu: Namna ya Kutafuta na Kutunza Ushahidi wa Mitandao



Katika mazungumzo yetu na jamaa waliohamishwa, karibu kila mara mtu mmoja anatoa simu na kusema: "Angalia, sisi ushahidi tunao." Ni video iliyopita kwenye WhatsApp au picha iliyowekwa Facebook. Pengine ni sauti ya mtu anayejisifu kwamba aliongoza shambulio. Halafu tunauliza: nani alipiga picha hii? Siku gani? Ilikufikia kwa mkono wa nani? Hapo jibu linakuwa kimya.

Makala hii inaeleza kwa nini maswali hayo ni ya lazima, na familia isiyo na kompyuta wala pesa inaweza kufanya nini ili picha iliyomo ndani ya simu ifae siku ya kesi.

Mfano wa hapa kwetu

Mwezi wa Septemba 2018, mahakama ya kijeshi mjini Bukavu iliwahukumu makamanda wawili wa FDLR kifungo cha maisha kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Kesi ilihusu mashambulio ya mwaka 2012 katika vijiji vya Kamananga na Lumenje, hapa Kivu ya Kusini. Pamoja na maneno ya mashahidi, hakimu alipokea picha zilizopigwa kwa simu, kwa programu inayoitwa eyeWitness. Ilikuwa mara ya kwanza picha za programu hiyo kutumika mahakamani.

Kwa nini picha hizo zilikuwa na nguvu? Programu hiyo inaandika yenyewe saa, tarehe na mahali picha ilipopigwa, na inaweka alama ya siri inayoonyesha kama mtu amebadilisha kitu baadaye. Nakala inatumwa na kutunzwa mahali pamoja, na kila anayeigusa anajulikana. Wakili wa upande wa pili akisema "picha hii ni ya uongo", kuna jibu la kumpa.

Somo tunalopata ni hili: hakimu haangalii tu kinachoonekana kwenye picha. Anaangalia pia safari ya picha, tangu mkono wa aliyeipiga hadi meza ya mahakama. Safari ikijulikana, picha inasimama. Isipojulikana, picha inaweza kuanguka hata kama inasema kweli tupu.

Na picha zilizokutwa kwenye mitandao?

Hapo kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu mara nyingi aliyepiga hajulikani. Lakini haishindikani.

Mwaka 2018 video ilienea Afrika nzima ikionyesha wanajeshi wakiwapiga risasi wanawake wawili na watoto wao. Serikali ya Kamerun ilisema kwanza kwamba ni habari za uongo. Wachunguzi wa Amnesty International, wa BBC na wengine waliitazama polepole. Walilinganisha mstari wa milima inayoonekana nyuma na picha za satelaiti, wakapata kwamba mahali ni karibu na kijiji cha Zelevet, kaskazini mwa Kamerun. Kwa nyumba zilizoonekana na urefu wa vivuli, walipata kwamba ilikuwa mwaka 2015. Mwezi wa Septemba 2020, mahakama ya kijeshi ya Yaoundé iliwafunga wanajeshi wanne miaka 10 kila mmoja, na mwingine miaka 2.

Mwezi wa Agosti 2017, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, tuliyoizoea kwa jina la CPI, ilitoa hati ya kumkamata kamanda wa Libya, Mahmoud al-Werfalli. Sehemu kubwa ya ushahidi ilikuwa video zilizowekwa kwenye mitandao. Lakini mtu huyo hakukamatwa. Aliuawa mwaka 2021, na kesi ikafungwa mwaka 2022. Kwa hiyo tusidanganyane: video inaweza kufungua mlango wa mahakama, ila haimleti mshtakiwa. Na mahakamani inahitaji wenzake: shahidi aliyeona, karatasi ya daktari, kaburi linalojulikana lilipo.

Hatua za kutunza ulichokiona

1. Hifadhi kwanza, bishana baadaye. Kampuni za mitandao zinafuta picha za damu na vitisho, mara nyingi kwa mashine, bila mtu kuuliza kama ni ushahidi. Mwenye kosa naye anaweza kufuta. Ukiona kitu kizito, kitunze kabla ya kuripoti ukurasa huo na kabla ya kumjibu aliyeuweka.

2. Nakili anwani kamili ya ukurasa, ile inayoanza na https. Andika jina la akaunti kama lilivyo, herufi kwa herufi, tarehe na saa kilipowekwa, na tarehe na saa wewe ulipokiona. Piga picha ya kioo cha simu ikionyesha ukurasa wote pamoja na maoni ya watu, si kipande kimoja tu. Picha ya kioo peke yake ni dhaifu, kwa maana inaweza kutengenezwa. Kwa hiyo shusha pia video yenyewe ukiweza.

3. Usikate, usiandike juu yake, usiongeze muziki, usifunike nyuso kwenye nakala ya kwanza. Ukitaka kulinda sura za watu, tengeneza nakala nyingine na ufanye hivyo humo.

4. Kwa WhatsApp, tafuta chanzo. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida inapunguzwa, na habari za saa na mahali zilizofichika ndani yake zinapotea. Muulize aliyekutumia: "Wewe ulipewa na nani?" Rudi nyuma hivyo hivyo mpaka umfikie aliyepiga. Akikubali, atume faili kama hati, si kama picha. Hapo linafika kama lilivyo. Usifute mazungumzo mliyofanya, maana nayo yanaonyesha safari.

5. Weka daftari. Mstari mmoja kwa kila picha: nimeipata wapi, lini, kwa nani, nimempa nani. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuandika mstari huo, na wakili atakushukuru.

6. Tunza nakala mahali pawili. Moja isikae mahali unapolala. Simu inaibiwa, inaanguka majini, inabaki nyuma siku ya kukimbia.

Jiulize kabla ya kuamini

Katika vita vyetu, picha ya zamani inavaa jina jipya kila wiki. Video ya nchi nyingine inaitwa ya Uvira, na maiti za mwaka 2012 zinaitwa za jana. Angalia mlima, barabara, mti, kibao cha duka. Sikiliza lugha na lafudhi. Je, ni majira ya mvua au ya kiangazi? Waulize wazee wa mahali panapotajwa kama wanapatambua, lakini usiwaambie jibu kwanza.

Hili ni jambo la amani pia. Picha ya uongo inaweza kulipiza kisasi kwa kabila zima, au kumfunga asiye na kosa. Na upande wa pili ukigundua picha moja ya uongo katika faili lenu, watatumia hiyo kukataa zile kumi za kweli.

Sheria ya Kongo nayo iangaliwe. Kanuni ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inatambua maandishi ya kielektroniki kama ushahidi, lakini pia inamwadhibu anayesambaza habari za uongo dhidi ya mtu kwenye mitandao. Kutunza na kusambaza ni mambo mawili tofauti.

Je, tunaweza kuiomba kampuni yenyewe?

Watu wanauliza: "Kwa nini Facebook wasitupe jina la mwenye akaunti?" Kampuni nyingi kubwa ziko Marekani, na sheria ya huko ya mwaka 1986 inazikataza kumpa mtu binafsi mazungumzo ya siri ya wateja wake. Ombi linapaswa kupitia kwa serikali na mahakama. Wachunguzi wa serikali wanaweza kuomba kampuni isifute akaunti kwa siku 90 huku wakitafuta hati ya hakimu.

Hata nchi nzima inapata shida. Gambia, iliyoishtaki Myanmar kwa mauaji ya Warohingya, iliomba mwaka 2020 kupewa kurasa ambazo Facebook ilikuwa imefuta. Mwezi wa Septemba 2021 hakimu mmoja wa Marekani alikubali. Desemba ya mwaka uleule jaji mwingine akatengua agizo hilo kwa sehemu. Ndiyo sababu nakala iliyotunzwa mapema na mwananchi ina thamani: inamwambia mwendesha mashtaka akaunti gani na siku gani ya kuulizia.

Usijaribu kuvunja akaunti ya mtu wala kujifanya mtu mwingine ili upate siri. Ni kosa, na ni hatari kwako.

Uhai kwanza

Hakuna picha inayolingana na maisha ya mtu. Usipite barieri ukiwa na video hizo ndani ya simu. Usiseme kwenye kikundi kwamba wewe ndiye mtunzaji. Usimtume mtoto kupiga picha mahali pa hatari. Na picha za mama au binti aliyebakwa zisizungushwe hata kidogo, hata kwa nia ya kuomba msaada. Hizo zinamhusu yeye, daktari na wakili wake, na ruhusa ni yake. Anaweza kukataa, na anaweza kubadilisha mawazo.

Tumpeleke nani?

Tangu Februari 2025, mji wa Bukavu uliposhikwa na M23, njia ya kwenda mbele ya mahakimu wa serikali si ile ya mwaka 2018. Watu wanakata tamaa. Lakini makosa dhidi ya ubinadamu hayazeeki mbele ya sheria: Mkataba wa Roma, ambao Kongo iliuridhia mwaka 2002, unasema hivyo. Kesi ya Kamananga ilichukua miaka sita kufika kwenye hukumu.

Kwa sasa mwone wakili au shirika la haki za binadamu unaloliamini, na uombe karatasi ya kupokea kila unachowapa. Mwendesha mashtaka wa CPI alitangaza Oktoba 2024 kwamba anaanza upya uchunguzi wake Kongo, akitazama zaidi Kivu ya Kaskazini. Ofisi yake inapokea ushahidi kwa njia ya intaneti, kupitia OTPLink. Nalo Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliamua tarehe 7 Februari 2025 kuunda tume ya kuchunguza makosa ya Kivu zote mbili. Usitume peke yako bila ushauri, na usitume nakala yako ya mwisho.

Viongozi, tunawaomba jambo moja. Katika kila kambi na kila mtaa, chagueni watu wawili wanaoaminika, mmoja akiwa mwanamke, wafundishwe hatua hizi sita. Wasiwe wa upande mmoja wala wa kabila moja, maana machozi hayakumwagika upande mmoja. Siku hakimu atakapouliza "picha hii ilitoka wapi?", awepo mtu wa kufungua daftari na kujibu.