Umande Hauanguki: Fizikia na Istilahi za Kukinga Lenzi ya Darubini

Mzungumzaji wa Kiswahili husema umande umeanguka, kama asemavyo kuwa mvua imenyesha. Katika mazungumzo ya kila siku kauli hiyo haimdhuru mtu. Katika mwongozo wa darubini, hata hivyo, humpotosha mtumiaji. Aliyeaminishwa kuwa maji hushuka kutoka juu ataikuta lenzi imelowa, ataifuta kwa kitambaa, na baada ya dakika chache ataifuta tena, huku vumbi lililonaswa kwenye kitambaa likikwaruza utando mwembamba unaopunguza mng'ao wa kioo. Makala hii inafafanua namna umande unavyotokea juu ya lenzi, namna unavyozuiwa, na istilahi zinazofaa kulielezea jambo hilo.

Ufafanuzi uliovunja dhana ya kuanguka ulitolewa na tabibu William Charles Wells katika kitabu chake kuhusu umande, kilichochapishwa London mwaka 1814. Wells alionesha kwamba kitu hupoa kwanza, kisha ndipo mvuke uliomo hewani hugeuka maji juu yake. Jaribio lake moja linastahili kusimuliwa. Alisimamisha juu ya nyasi mwanzi mpana wa udongo wa kuchoma, ulio wazi juu, wenye kimo cha futi 2 na nusu, akaweka sufu ndani yake na sufu nyingine ya uzito uleule mahali pa wazi. Usiku ule haukuwa na upepo. Laiti umande ungeshuka kama mvua, sufu zote mbili zingelowa sawa. Ile ya nje ilipata unyevu mara 8 ya ile ya ndani. Kuta za mwanzi hazikuzuia tone lolote. Zilichozuia ni sehemu kubwa ya anga ambayo sufu ingeipelekea joto lake.

Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa lenzi. Ikielekezwa kwenye anga tupu, hupoteza joto kwa mnururisho, na anga isiyo na mawingu hairudishi ila kidogo. Mawingu hurudisha zaidi. Ndiyo maana usiku mweupe, ule ule anaoutamani mtazamaji wa nyota, ndio wenye umande mwingi. Kioo huweza kuwa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Hewa ikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi na unyevuanga wa asilimia 80, umande huanza kioo kinapofika takriban nyuzi 21, yaani kinapopoa kwa nyuzi 4 tu. Unyevuanga ukiwa asilimia 30, hakuna umande mpaka kioo kifike karibu nyuzi 6. Mtazamaji wa pwani na yule wa nyanda kame hawana tatizo moja, ingawa huenda wakasoma mwongozo mmoja.

Kinga ya kwanza ni mwanzi wa Wells wenyewe: bomba jepesi linalorefusha mdomo wa darubini, kwa kawaida urefu wake ukiwa angalau mara moja na nusu ya kipenyo cha lenzi. Darubini ya Newton, ambayo kioo chake kikuu kiko chini kabisa ya bomba, tayari inayo kinga hiyo kwa umbo lake. Ile ya Schmidt-Cassegrain ina bamba jembamba la kioo mdomoni, nayo hulowa upesi. Bomba hupunguza kasi ya kupoa tu. Kwenye unyevu mwingi huhitajika ukanda wa umeme, aghalabu wa betri ya volti 12, unaozungushwa nje ya darubini palipo na lenzi. Kazi yake ni kukiacha kioo na joto kidogo juu ya lile la umande. Ukizidi, hewa ya moto hupanda mbele ya kioo na taswira ya nyota hutetema. Kikausha nywele huondoa umande uliokwisha kutokea, lakini kioo huanza kupoa tena mara kinapozimwa.

Kutokana na hayo, kuliita bomba hilo “mwavuli” ni kosa, kwa kuwa jina hilo linarejesha mvua ambayo haipo. “Kikinga umande” linatosha. Vilevile “nukta ya umande” humfanya mwanafunzi atafute mahali, ilhali kinachotajwa ni kipimo cha joto. “Joto la umande” ni bora, ingawa halina mvuto wa istilahi ya kitaalamu. Vyombo vinavyoshughulikia istilahi, BAKITA kikiwamo, vingefaa kujaribu pendekezo la namna hii kwa kumpa mtumiaji chombo na maelezo, kisha kutazama anachokifanya.

Maelezo hayo yasiache hatua ya mwisho. Lenzi iliyolowa isifunikwe kifuniko papo hapo. Iachwe ndani ya nyumba ikauke, kwani unyevu uliofungiwa huotesha kuvu, na kuvu huharibu kioo kwa namna isiyoweza kufutika.