Bobcat kuukuu: Jinsi ya kuitunza na kuitengeneza bila kuhatarisha maisha

Na Mwandishi Wetu

MASHINE ndogo ya kupakia mchanga na kifusi, ambayo watu wengi huiita Bobcat bila kujali kampuni iliyoitengeneza, inaweza kufanya kazi kwa miongo kadhaa endapo mmiliki wake atazingatia matunzo yake.

Sehemu kubwa ya matunzo hayo inaweza kufanywa na mmiliki mwenyewe kwa kutumia spana, pampu ya grisi na kitabu cha maelekezo cha mashine husika.

Hata hivyo, kazi hiyo ina hatari yake. Mwaka 1998, Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani (NIOSH) ilitoa tahadhari kuhusu vifo vinavyosababishwa na mashine hizo, vikiwamo vya watu waliobanwa na mikono ya kunyanyulia mzigo.

Historia ya mashine hiyo ilianzia katika banda la batamzinga. Mwaka 1957, ndugu wawili, Louis na Cyril Keller wa Rothsay, jimbo la Minnesota nchini Marekani, walimtengenezea mfugaji kipakiaji chenye magurudumu matatu, kidogo kiasi cha kupita katikati ya nguzo za banda wakati wa kuzoa mbolea.

Kampuni ya Melroe ya North Dakota iliuchukua ubunifu huo, ikatoa mashine ya magurudumu manne mwaka 1960 na kuanza kutumia jina la Bobcat mwaka 1962.

Tofauti na gari, magurudumu ya mashine hii hayakati kona. Ya upande wa kushoto huendeshwa peke yake na ya kulia vivyo hivyo, na mashine hugeuka pale upande mmoja unapozidi mwingine kasi, huku matairi yakiburuzwa ardhini.

Katika modeli nyingi, kila upande una pampu na mota yake ya haidroliki, ambayo huzungusha magurudumu mawili kwa cheni zilizomo ndani ya kasha lenye mafuta. Baadhi ya modeli za zamani, kama Bobcat M610, hutumia klachi badala yake, hivyo ni muhimu kusoma namba ya mashine kabla ya kununua vipuri.

Usalama kwanza

Kanuni ya kwanza ni kutoingia, kutoinama wala kupitisha mkono chini ya mikono iliyonyanyuliwa, isipokuwa imezuiwa kwa chuma maalumu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Jeki, gogo au kamba si mbadala, na mafuta ya haidroliki pekee hayatoshi kuishikilia.

Kanuni ya pili ni kutotafuta uvujaji kwa kupapasa kwa mkono. Shinikizo la mafuta katika mashine hizi huweza kuzidi paundi 2,000 kwa inchi ya mraba, wakati tairi la gari dogo hujazwa paundi 30 hivi.

Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kama ncha ya sindano hupenya ngozi. Jeraha huonekana dogo, lakini huhitaji daktari wa upasuaji mara moja. Tumia kipande cha boksi kukagua, na vaa miwani.

Aidha, swichi ya kiti na chuma cha usalama kinachoshushwa mbele ya dereva visifungwe waya ili kuvikwepa. Vikiharibika, vitengenezwe kabla ya mashine kurudi kazini.

Kazi za kila siku

Kabla ya kuwasha, kagua oili ya injini, maji ya rejeta, mafuta ya haidroliki, upepo wa matairi na nati za magurudumu. Weka grisi katika maungio yote ya mikono na ndoo kila baada ya saa nane hadi 10 za kazi, kwani pini iliyokauka hula tundu lake, na kulichonga upya ni gharama kubwa.

Ondoa vumbi na majani kwenye rejeta, ambayo katika mashine hizi huwa karibu na injini upande wa nyuma. Joto kali huharibu injini na haidroliki kwa pamoja.

Matairi ya mbele na nyuma ya upande mmoja yawe na kipimo kimoja. Kwa kuwa yameunganishwa kwa cheni, tairi jipya likifungwa pamoja na lililolika hushindana, na cheni huumia.

Kutambua ubovu

Mashine ikiwa dhaifu pande zote na katika kunyanyua, anza na vitu rahisi: kiasi cha mafuta na filta. Upande mmoja pekee ukiwa dhaifu, chunguza pampu, mota na cheni za upande huo.

Ikitembea vizuri lakini ikashindwa kunyanyua, shuku valvu ya kupunguza shinikizo, pampu ya kunyanyulia au sili za silinda. Ikiwa na nguvu asubuhi na kuchoka inapopata moto, huenda pampu imelika, kwa sababu mafuta mepesi hupenya kwenye nafasi zilizopanuka.

Rangi ya mafuta nayo hueleza mengi. Yakiwa meupe kama maziwa, yameingiliwa na maji. Yakitoa povu, kuna hewa inayovutwa, mara nyingi kwenye mpira wa kuvutia mafuta uliolegea.

Kasha la cheni lisisahaulike. Mafuta yake yakipungua, sili ya ekseli huenda inavuja. Yakiongezeka bila kuongezwa, mafuta ya haidroliki huenda yanaingia kupitia sili ya mota.

Wakati wa kukagua cheni, mashine iwekwe juu ya vigingi imara chini ya fremu, si juu ya jeki pekee.

Kufungua pampu na mota, kurekebisha shinikizo kwa geji na kuchomelea mikono iliyopasuka ni kazi za fundi mwenye vifaa na ujuzi. Mmiliki akifika hapo akijua upande wenye hitilafu na hali ya mafuta, humpunguzia fundi kazi ya kubahatisha, naye huepuka kununua pampu mpya kwa ubovu wa filta.